Galari, maonesho, karakana au mnada: wapi pa kununua sanaa ya kisasa ya Ufilipino

Mtu aliye na peso 50,000, yaani karibu dola 900 za Marekani, na anayetaka kuanza kukusanya sanaa ya kisasa ya Ufilipino ana milango minne ya kuingilia: galari, maonesho ya kila mwaka, karakana ya msanii mwenyewe, na mnada. Wengi wanaoanza huuliza kwanza wanunue kazi ya msanii gani. Swali hilo ni la haki, ila kabla ya kulijibu inafaa kujua kwamba picha mbili za msanii mmoja, zenye ukubwa sawa na zilizochorwa mwaka mmoja, zinaweza kupishana sana kwa bei kwa sababu tu moja ilitoka galari na nyingine ilipigwa mnada. Karatasi anazokabidhiwa mnunuzi, muda anaosubiri na nafasi yake ya kununua tena, vyote hutegemea mlango aliopitia. Kwa hiyo ulinganisho huu unahusu milango kuliko majina, ingawa majina yatatajwa kila yanapohitajika.

Mipaka ya neno “kisasa” inapaswa kuwekwa mapema, kwa kuwa katika orodha za minada ya Manila kazi za wasanii walio hai hupangwa pamoja na za magwiji waliofariki, kama vile Fernando Amorsolo, Vicente Manansala na José Joya. Picha ya Joya iitwayo “Space Transfiguration” iliuzwa na nyumba ya mnada ya León Gallery mwaka 2018 kwa zaidi ya peso milioni 112. Hilo ni soko jingine kabisa, lenye fedha nyingine na pia lenye waghushi wake, na anayeanza hana sababu ya kulikaribia. Hapa tunazungumzia wasanii ambao bado wanafanya kazi au ambao kizazi chao bado kinafanya kazi.

Ndani ya kundi hilo kuna nasaba mbili ambazo mkusanyaji hana budi kuzitambua, kwa kuwa kila galari huegemea upande wake. Ya kwanza ni ya Roberto Chabet, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya Cultural Center of the Philippines, kituo cha utamaduni cha taifa, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Ufilipino kwa zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wake walifunzwa kulitanguliza wazo mbele ya ufundi wa mkono, na wengi wao hutumia vitu vya kuokota, maandishi, picha za kamera na vipande vya mbao badala ya rangi peke yake. Ya pili ni ya wachoraji wa sura za watu na maisha ya mtaani, na kundi la Salingpusa lenye akina Elmer Borlongan, Mark Justiniani na Emmanuel Garibay ndilo mfano wake unaofahamika zaidi. Pinto Art Museum, katika vilima vya Antipolo, ndipo pazuri pa kuiona nasaba hiyo kwa wingi. Nasaba ya pili humvutia mgeni kwa haraka. Ya kwanza huchelewa kumwingia, na ninakiri kwamba mimi mwenyewe huona ndiyo inayodumu ukutani bila kuchosha, lakini hilo ni suala la jicho na si la soko.

Galari dhidi ya mnada

Galari kadhaa muhimu za Manila zimejipanga kando ya barabara ya Chino Roces huko Makati, ambayo wenyeji wengi bado huiita kwa jina la zamani, Pasong Tamo. Finale Art File, iliyofunguliwa mwaka 1983, ipo katika eneo la maghala la La Fuerza. Silverlens, iliyoanzishwa na Isa Lorenzo mwaka 2004 na ambayo tangu mwaka 2022 ina tawi jijini New York, ipo barabara hiyohiyo, na katika Karrivin Plaza kuna The Drawing Room na Artinformal. West Gallery iko mbali na hapo, Quezon City. Kuingia ni bure, na mgeni asishangae kukuta kuta zisizo na bei: karatasi ya bei huwa mezani kwa mhudumu, na kuiomba si utovu wa adabu wala si ahadi ya kununua.

Anachouza mwenye galari ni kazi mpya, iliyotoka kwa msanii kwa mara ya kwanza, na bei yake imepangwa kwa utaratibu unaoeleweka. Wasanii wengi vijana hupangiwa bei kwa ukubwa wa kanvasi, wengine hata kwa inchi ya mraba, na bei hiyo hupanda polepole kutoka onyesho moja hadi jingine. Sehemu kubwa ya fedha humfikia msanii, baada ya galari kukata fungu lake, ambalo kwa desturi ya biashara hii huwa kati ya theluthi moja ya bei na nusu ya bei. Mnunuzi hupewa hati ya uhalisi yenye sahihi, ankara, na jina la galari ambayo baada ya miaka kumi itaweza kuulizwa kuhusu picha hiyo. Malipo ya awamu, ambayo Wafilipino huyaita hulugan, ni jambo la kawaida katika galari nyingi, na mtumishi wa benki au mwalimu aliyejenga mkusanyo wake kwa njia hiyo hahesabiwi kuwa mteja wa daraja la pili.

Gharama ya galari iko katika subira. Kifilipino kina neno suki, ambalo humtaja mteja wa kudumu na pia muuzaji wake, kwa sababu uhusiano huo ni wa pande mbili: mteja harukiruki, na muuzaji humtunzia kilicho bora. Neno hilo limetoka sokoni, kwa wauza samaki na mboga, lakini galari za Makati huishi kwalo. Msanii anayetafutwa sana hufungua onyesho likiwa limekwisha kuuzwa, nukta nyekundu zikiwa zimebandikwa kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, kwa kuwa orodha ilikwishapitishwa kwa wateja wa kudumu. Mgeni mwenye fedha taslimu na haraka nyingi ataambiwa kwa upole kwamba jina lake litaandikwa. Asilichukulie kama dharau. Galari inataka kujua kama picha itatundikwa au itapelekwa mnadani mwaka unaofuata.

Katika mnada hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Nyumba mbili zinazojulikana zaidi, Salcedo Auctions na León Gallery, zote ziko Makati na zote zilianza mwaka 2010. Orodha hutolewa kabla, picha huwekwa wazi zikaguliwe kwa siku kadhaa, na siku ya siku anayepandisha zaidi ndiye anayechukua. Matokeo hutangazwa, na rekodi hizo ni hazina kwa kila mkusanyaji, hata yule asiyekusudia kuinua mkono wake mnadani maishani.

Kosa la wanaoanza ni kulinganisha bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho kutajwa nyundo inapogongwa, na bei ya galari kana kwamba ni kitu kimoja. Juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya mnunuzi, na juu ya ada hiyo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Ufilipino ni asilimia 12. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada ni asilimia 20: picha iliyopigwa nyundo kwa peso 100,000 itadai ada ya peso 20,000 na kodi ya peso 2,400, na mnunuzi atatoka mlangoni akiwa amelipa peso 122,400. Isitoshe, kitu cha mnada huuzwa kama kilivyo. Ufa katika rangi, doa la ukungu nyuma ya kanvasi au fremu iliyotobolewa na mchwa ni mzigo wa mnunuzi, na mtu ambaye hakwenda siku za ukaguzi hana wa kumlaumu.

Jambo ambalo wengi hulisikia kwanza kuhusu soko hili ni la Ronald Ventura. Aprili 2011, picha yake “Grayground” iliuzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's huko Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 8.4 za Hong Kong, sawa na takriban dola milioni 1.1 za Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa bei ya juu kuliko zote kwa picha ya kisasa ya Asia ya Kusini-Mashariki mnadani. Habari hiyo ilisomwa na wengi kama ushahidi kwamba mnadani ndiko kwenye fedha. Ukiitazama kwa makini inafundisha jambo jingine. Ventura alipewa tuzo ya Thirteen Artists ya Cultural Center of the Philippines mwaka 2003, pamoja na Geraldine Javier, miaka minane kabla ya nyundo ya Hong Kong. Tuzo hiyo imekuwapo tangu mwaka 1970, majina ya washindi hutangazwa hadharani, na aliyekuwa akizitembelea galari za Manila katika miaka hiyo aliona kazi zao kwa bei ambazo hazikuhitaji mamilioni. Waliofika mnadani mwaka 2011 walilipia uamuzi ambao watu wengine walikwisha kuufanya mapema. Anayetaka kuona majina yanayochipuka leo atazame orodha hiyo ya Thirteen Artists na ile ya tuzo za Ateneo Art Gallery, makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila, zilizoanza mwaka 2004, na azitazame kama ramani, si kama hakikisho.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mnada huishinda galari, na haitakuwa haki kupanyamazia. Galari huuza cha leo. Mtu anayetaka kazi ya Borlongan ya miaka ya 1990 hawezi kuiagiza galari. Ni lazima asubiri mwenye nayo afariki, ahame au aishiwe fedha, na mahali ambapo picha hiyo itajitokeza kwa uwazi ni mnadani. Vilevile wapo wasanii wa umri wa kati, wenye heshima na historia ndefu, ambao mnadani huuzwa chini ya bei ya galari yao kwa sababu tu hawako katika mtindo wa mwaka huo. Mnunuzi anayejua bei ya galari, na aliyekwenda kuikagua picha mgongoni pia, anaweza kupata hapo kitu kizuri kwa bei ya kiungwana. Ni ujuzi unaokuja baada ya miaka miwili au mitatu ya kutazama, na ndiyo sababu naiweka njia hii mwisho kwa anayeanza.

Sheria nayo ina neno. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Hakimiliki za Ubunifu, R.A. 8293 ya mwaka 1997, kinampa msanii au warithi wake asilimia 5 ya mapato ghafi kila mchoro halisi au sanamu yake inapouzwa tena baada ya mauzo ya kwanza, katika maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Anayenunua kwa nia ya kuuza aihesabu asilimia hiyo tangu mwanzo.

Maonesho mawili yasiyofanana

Art Fair Philippines ilianza mwaka 2013 katika jengo la kuegesha magari la The Link, Makati, na sakafu zile za saruji zilizochorwa mistari ya maegesho zikawa sehemu ya sifa yake. Hufanyika Februari. Kwa siku chache galari nyingi za nchi na kadhaa za nje hukusanyika mahali pamoja, na mgeni anaweza kuona kwa saa nne vitu ambavyo vingemchukua mwezi mzima katika msongamano wa magari wa Manila. Ni shule nzuri sana. Kama mahali pa kununua, sina hakika nayo sana: kelele ni nyingi, mhudumu ana watu kumi mbele yake, na galari huleta vitu vikubwa vya kuvutia macho ambavyo havilingani na sebule ya mtu wa kawaida. Afadhali kuandika majina, kupiga picha za vibandiko, kisha kwenda galari wiki inayofuata wakati watu wametulia.

Art in the Park ni jambo tofauti, ingawa waandaaji ni walewale. Imekuwapo tangu mwaka 2006, hufanyika kwa siku moja katika bustani ya Jaime Velasquez, Salcedo Village, na huchangia kazi ya kusaidia makumbusho ya taifa. Bei ina kikomo, ambacho katika miaka iliyotangulia janga la korona kilikuwa peso 50,000 na baadaye kimesogezwa juu. Watu hupanga foleni asubuhi, hununua picha ndogo na kuondoka nazo kwapani zikiwa zimefungwa kwa karatasi. Wasanii wenye majina makubwa wakati mwingine huleta vitu vidogo hapo, lakini uzuri wake hasa ni kwamba mtu hulazimika kuamua kwa jicho lake mwenyewe, kwa bei ambayo kosa lake halitamfilisi. Kwa peso 50,000 za mwanzo sijui mahali panapozidi hapo.

Karakana

Kununua moja kwa moja kwa msanii kunaonekana kama njia ya mkato ya kuepuka fungu la galari, na hapo ndipo wengi hukosea. Msanii mwenye galari humwelekeza mnunuzi huyo kwenye galari yake, au humuuzia kwa bei ileile ya galari, kwa kuwa akivunja bei ameuvunja uhusiano wake na wanaomtangaza. Asiye na galari ni suala jingine. Angono, mji wa wachoraji katika mkoa wa Rizal alikozaliwa mchoraji Botong Francisco, una familia ambazo karibu kila kizazi kina mchoraji. Baguio, juu milimani, kuna jumuiya ya wasanii iliyojengeka tangu miaka ya 1980. Bacolod, katika kisiwa cha Negros, ndiko VIVA ExCon ilikoanzia mwaka 1990, kongamano la wasanii wa visiwa vya Visayas linalofanyika kila baada ya miaka miwili, na huko ndiko utakapokutana na watu ambao galari za Makati bado hazijawafikia.

Anayekwenda karakana aende kama mgeni wa nyumbani. Wafilipino hutia neno po katika sentensi kumheshimu mkubwa, na humwita mwanamume aliyewazidi umri Kuya na mwanamke Ate; msomaji aliyekulia katika shikamoo na marahaba hatalihitaji somo refu hapo. Bei isipiganiwe kama ya nyanya. Kinachopaswa kudaiwa bila haya ni karatasi: hati yenye jina la kazi, mwaka, vipimo, aina ya rangi na sahihi, pamoja na picha ya msanii akiwa na kazi hiyo. Kwa kuwa hakuna galari nyuma yake, hati hiyo ndiyo historia yote ya umiliki ambayo picha itakuwa nayo.

Kanvasi au karatasi

Anayependa msanii ambaye kanvasi zake hazifikiki asikate tamaa mapema. Ufilipino ina historia ndefu ya chapa za mkono, za bati lililochongwa kwa asidi, za ubao na za hariri, na chama cha wachapaji wa picha kimekuwapo tangu mwaka 1968. BenCab, yaani Benedicto Cabrera, aliyetangazwa Msanii wa Taifa mwaka 2006 na ambaye makumbusho yake yako Tuba, karibu na Baguio, ametengeneza chapa nyingi katika maisha yake, na tofauti ya bei kati ya chapa yake na kanvasi yake ni kama tofauti ya pikipiki na nyumba. Kila nakala iwe na namba ya toleo na sahihi ya mkono kwa penseli. Ile asilimia 5 ya kuuza tena haizihusu chapa, kwa kuwa kifungu cha 201 cha sheria ileile kinaziondoa. Kazi za video, kama zile za Martha Atienza aliyeshinda tuzo ya Baloise kwenye maonesho ya Art Basel, Uswisi, mwaka 2017, ni za mtu aliyekwisha kuzoea: mnunuzi hupata faili, hati na masharti ya kuionesha, na hana cha kutundika.

Kwa anayeishi nje ya Ufilipino kuna mambo mawili. Sheria ya urithi wa utamaduni, R.A. 10066, huzichukulia kazi za Wasanii wa Taifa kuwa mali muhimu ya utamaduni, kwa hiyo suala la kibali cha kuzitoa nchini liulizwe kabla ya malipo. Hata kwa kazi ya kijana asiyejulikana, galari nzuri itakueleza karatasi gani forodha itataka. La pili ni unyevu. Manila ina joto na unyevunyevu kama Mombasa au Unguja, na picha iliyozoea hali hiyo haitashtuka ikitundikwa pwani yetu, lakini karatasi huota madoa ya kahawia popote palipo na unyevu, hivyo chapa iwekwe kwenye fremu yenye karatasi isiyo na asidi, kioo kisiiguse, na isitundikwe kwenye ukuta unaopakana na bafu.

Mwenye wiki moja tu aichague wiki ya Art Fair Philippines mwezi Februari, mwezi ambao León Gallery nayo kwa kawaida hufanya mnada wake wa Asian Cultural Council, shirika la utamaduni, ili aone bei za galari na za mnada zikiwa bado kichwani. Siku ya kwanza azunguke maonesho bila kununua. Ya pili na ya tatu apite galari za Chino Roces na kuomba karatasi za bei, ya nne aende ukaguzi wa mnada na daftari lake, na ya tano arudi kwenye ile picha ndogo aliyokuwa akiifikiria usiku, aulize kama bado ipo, na kama italipwa kwa awamu ngapi.